Simu isiwe ya mtu mmoja: namna ya kuendesha kikundi cha himofilia huku Mwanza

Kama mtoto wako ana himofilia na watu wameshaanza kukuita mwenyekiti bila uchaguzi wowote, kisa tu we ndo wa kwanza kununua daftari, basi haya yanakuhusu. Mi nimekaa kwenye hicho kiti miaka sita, sijalipwa hata mia, na mengi nimejifunza baada ya kuharibu kwanza.

Kwa asiyejua, himofilia ni damu kukosa protini ya kuigandisha, hizo protini zinaitwa fakta, aina A inakosa fakta namba 8, aina B inakosa namba 9. Aina A inakadiriwa kumpata mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 hivi, B ni adimu zaidi. Sasa piga hesabu watoto wanaozaliwa kanda ya ziwa kila mwaka halafu angalia grupu lenu lina familia 14, utaona kabisa wengine wapo huko nje, wanavuja damu ndani ya magoti na hawajui kinachowasumbua kinaitwaje.

Kwa hiyo kazi ya kwanza sio katiba wala fulana, ni kuwapata watu. Usiende kwa daktari kuomba majina ya wagonjwa, hawezi kukupa na hatakiwi kukupa. Mwachie namba yako, yeye amwonyeshe mzazi, mzazi akitaka atapiga. Pale hospitali ya Bugando ndo wanaletwa wa rufaa kutoka Geita, Mara, Kagera na kwingine, kwa hiyo anzia hapo, ila usiishie hapo. Nenda kwenye vituo vya afya wanakofanya tohara, nenda kwa madaktari wa meno, waulize tu kama wamewahi kukutana na mtoto wa kiume aliyetahiriwa akatoka damu siku tatu, au aling'olewa jino akaamka mto umelowa. Ongea pia na wale wazee wanaokata vimeo na wanaong'oa "meno ya plastiki". Najua kuna wenzangu hawapendi hili, wanasema tunawapa heshima wasiyostahili, lakini ukienda kugombana nao mtoto atapelekwa kwao usiku na wewe hutajua. Mi nakaa nao kwenye benchi namwambia mzee, kuna watoto ukiwagusa na wembe damu haikati, akikufia mikononi utamwambia nini baba yake? Huwa wanaelewa haraka kuliko unavyodhani.

Sasa simu ya kwanza ya mzazi mpya. Hapa ndo viongozi wengi wanakosea, mtu anapiga analia, we unaanza kumwaga somo la fakta na kromosomu. Sikiliza kwanza. Mara nyingi anayepiga ni mama, na mara nyingi kuna mtu nyumbani ameshamwambia ugonjwa umetoka ukoo wake. Mama mmoja wa Ukerewe alikuja na mtoto wa miaka mitano, goti limevimba kama boga, kamshika mgongoni kwa khanga, na neno lake la kwanza kwangu halikuwa la goti, aliniuliza "hivi mimi ndo nimemuua?" Huyo humjibu kwa karatasi. Nilimwambia hapana mayu, hukula kitu wala hukufanya kitu. Halafu baadae, taratibu, akiwa na mumewe, ndo unaeleza kwamba ni kweli mama anaweza kuubeba ugonjwa na asijue, ila karibu theluthi moja ya wenye himofilia hawana historia yoyote kwenye ukoo, wao ndo wa kwanza kuonekana nayo. Na hakikisha baba yupo anasikia kwa masikio yake, ukimtuma mama akaeleze nyumbani ataeleza kwa mkwe na mkwe ana majibu yake tayari.

Sasa nije kwenye simu yenyewe. Miaka mitatu ya mwanzo namba ya kikundi ilikuwa namba yangu, nikijiona shujaa. Siku moja niko msibani Magu, simu nimezima kwa heshima ya watu, familia moja imevuka ziwa na mtoto kang'ata ulimi, damu haikati toka asubuhi. Wamenipigia mpaka wamechoka, hawana namba nyingine. Walikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa mjini mpaka alfajiri wakisema "anatoka damu mdomoni" na kuambiwa wasubiri, maana hakuna aliyekuwepo wa kuwaambia watamke neno himofilia pale dirishani. Mtoto alipona. Mi nilikaa wiki nzima siongei na mtu.

Toka hapo tulinunua simu ya kitochi, kile cha betri ya siku nne, na laini ya kikundi. Watu watatu wanashika kwa zamu ya wiki moja moja, jumapili jioni unakabidhi simu, chaji na daftari, vyote vitatu kwa pamoja na sio simu leo daftari kesho. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja, kwa hiyo msajilie mtu ambaye hahami hami, kuna kikundi nakijua aliyesajili alihamia Dodoma, laini ikafungwa, ikawa ndo mwisho wa namba iliyobandikwa kila ukuta. Na anayeshika zamu ajue jambo moja: sisi sio madaktari. Kwenye jalada la daftari tumeandika kwa maka peni, akidondoka akagonga kichwa aende hospitali SASA hata kama anacheka, asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini wala diklofenaki, maumivu ni panadol. Hiyo sindano ya diklofenaki wanaichoma sana maduka ya dawa, mtoto wa kwetu inamuumiza mara mbili, dawa yenyewe na tundu lake. Zaidi ya hapo mpe namba ya daktari, usibuni.

Kila mtoto awe na kadi ndogo ya kuvaa au ya kwenye mfuko wa shule, jina, aina ya himofilia, hayo makatazo, na namba za simu. Tumelaminisha kwenye duka la steshenari kwa bei ya soda.

Daftari lina taarifa za ugonjwa za watoto wa watu, kwa hiyo sio la kupiga picha na kurusha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya ni nyeti, ila hata bila sheria, mtoto akikua akakuta picha ya goti lake limezunguka mji mzima atakuchukia. Kwenye grupu la WhatsApp admini afute bila kuomba radhi.

Kitu kimoja kidogo kilichotusaidia kuliko barua zote, mzani. Dawa yenyewe ni hiyo fakta anayoongezewa mtoto, na dozi yake inategemea kilo za mtu, na watoto wanakua. Kila kikao tunaazima mzani wa kliniki ya jirani, watoto wanapanga foleni wanataniana nani kanenepa, tunaandika kilo na tarehe. Siku tulipoenda hospitali kuongea habari ya dawa tulikuwa wawili (usiende peke yako hata siku moja, utasahau nusu na utabishana), tumebeba karatasi moja, wangapi wana A, wangapi B, kilo zao, wametoka damu mara ngapi miezi mitatu. Ombi moja tu. Mfamasia aliisoma mara mbili akaomba abaki nayo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaenda kulalamika tu, tunapewa pole tunarudi.

Dawa nyingi za himofilia kwenye nchi zetu zinakuja kama msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani, na zinapitia hospitali. We kiongozi usigawe, usitunze ya kikundi kwenye friji lako, usiuze hata kichupa kimoja hata mtu akikupigia magoti, maana siku watu wakiamini dawa iko kwako kikundi kimekufa. Hela nayo hivyo hivyo. Mwenyekiti hashiki hela, anashika mweka hazina, mchango ukiingia meseji inatupwa kwenye grupu siku hiyo hiyo, nauli ikitoka hivyo hivyo, hata ikiwa elfu tatu ya bodaboda. Ya kwetu inaenda kwenye nauli, barafu na kadi, basi.

Usajili usikutishe, anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, atakuelekeza. Ila msisajili kabla hamjakutana mara sita.

Tarehe 17 Aprili ni siku ya himofilia duniani toka 1989, omba dakika kumi redioni wiki moja kabla, siku yenyewe kila mtu anaomba. Pelekeni mtu anayeongea Kisukuma vizuri, mama wa Misungwi haelewi "upungufu wa fakta", anaelewa damu isiyokata.

Na watoto wengine tutawazika, siwezi kukuficha. Nendeni msibani, pelekeni rambirambi, na mama yake msimtoe kwenye grupu. Mi nilimtoa mmoja nikidhani namwepusha na machungu, akanipigia akaniuliza kwani mwanangu akifa na mimi sio wa kwenu tena? Nikamrudisha dakika ile ile. Sasa hivi ni mmoja wa wale watatu wa zamu ya kitochi.

Januari nimeachia uenyekiti, nimekabidhi daftari mbele ya watu wote na nikajiambia sipokei simu mwezi mzima. Mwenyekiti mpya alipiga siku ya pili, moyo ukaruka, kumbe anauliza chaji ya kitochi nimeondoka nayo?