Kuisimamisha seli bila kuiua: jaribio la peroksidi hatua kwa hatua

Tunataka seli iliyo hai, inayokula na kupumua, lakini iliyokataa katakata kugawanyika. Kipimo cha peroksidi ya haidrojeni kikizidi unabaki na sahani ya maiti, kikipungua seli zinazaana kama vile hukuzigusa. Tenga siku kumi hivi.

1. Chagua seli. Chukua faibroblasti (seli za tishu unganishi, kama zile za ngozi) za kawaida za binadamu, zikiwa bado changa. Tangu utafiti wa Hayflick na Moorhead, mwaka 1961, tunajua kwamba seli hizi hugawanyika mara kadhaa kisha hukoma zenyewe, kwa hiyo ukianza na zilizochoka hutajua zimesimamishwa na peroksidi au na umri. HeLa, seli za saratani zinazokuzwa sana maabarani, waachie wengine. Ndani yake protini E6 ya kirusi cha papiloma huiangamiza p53, na p53, protini inayosimamisha mgawanyiko, ndiyo breki tunayoitafuta.

2. Panda siku moja kabla, idadi ileile kila kisima cha sahani. Seli zikiwa nyingi hugawana peroksidi na kila moja hupata kidogo, hata kama umeandika kipimo kilekile daftarini.

3. Pima peroksidi siku hiyohiyo. Ya asilimia 30 ikiwa mpya ina karibu mola 9.8 kwa lita, lakini hupungua nguvu ikikaa. Usiiamini lebo. Izimue, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 240. Milimola 10 husoma kama 0.436 kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1.

4. Soma orodha ya viambato vya kioevu cha kukuzia. Hapa ndipo nilipopotezea wiki kadhaa. Nilipandisha kipimo mara nne na seli hazikushtuka, nikalaumu peroksidi, nikalaumu hata pipeti. Kumbe kioevu kilikuwa na piruveti, ambayo hutendana na peroksidi na kuimaliza kabla haijafika kwenye seli. Tumia kisicho na piruveti.

5. Weka maikromola 200 kwa saa mbili, kisha osha na urudishe kioevu kipya. Jaribu pia 50, 100 na 400, maana kila ukoo wa seli una ustahimilivu wake. Acha visima vingine bila peroksidi, ila navyo vioshwe vivyo hivyo.

Katika saa hizo mbili peroksidi yenyewe haifanyi fujo kubwa. Ni mpole kiasi cha kupenya utando na kufika hadi kwenye kiini. Ikikutana na chuma huko ndipo huzaa radikali ya haidroksili, ambayo hushambulia chochote kilicho jirani. Guanini, mojawapo ya besi (herufi) za DNA, hugeuka 8-oksoguanini, ambayo wakati wa kunakili DNA inaweza kushikana na adenini badala ya sitosini. Nyuzi za DNA nazo hukatika. Mafuta ya utando yakioza kwa oksijeni hutoa malondialdehidi na haidroksinonenali. Hizi hudumu kuliko radikali, husafiri, na hunata kwenye besi za DNA. Mashine ya kunakili ikifika penye mkato wa uzi mmoja, mkato huo unaweza kuwa wa nyuzi zote mbili.

6. Tafuta jeraha baada ya saa moja. Gandisha seli kwa fomaldehidi, kisha tumia kingamwili ya gama-H2AX, alama inayowekwa kwenye protini inayofunga DNA, karibu na mkato. Kwenye hadubini ya mng'ao, kiini cha seli isiyoguswa huwa na nukta chache au hakina kabisa. Kilichojeruhiwa huonekana kama kimenyunyiziwa mchanga unaowaka. Nukta hizo zimewekwa hasa na ATM, kimeng'enya kinachoiamsha p53 pia.

7. Tafuta breki baada ya saa 24. p53 huamuru protini nyingine, p21, itengenezwe. p21 huibana CDK2, kimeng'enya kinachoipa protini Rb fosfeti. Rb haipati fosfeti za kutosha, nayo huendelea kuishikilia E2F, protini inayofungua jeni. Jeni za kunakili DNA hazifunguki. Pima p21 kwa kingamwili, na ukiwa na nafasi pima pia seli ngapi zinaingiza besi mpya kwenye DNA.

8. Siku ya saba, tia rangi ya beta-galaktosidasi, kimeng'enya kinachoonekana kwa wingi katika seli zilizosimama, kwenye pH 6.0. Seli zilizosimama kwa kudumu huwa pana, bapa kama chapati, na za buluu. Ziache usiku kucha kwenye nyuzi 37, lakini si kwenye kiatamizi cha kaboni dioksidi, kwa sababu gesi hiyo hushusha pH na kila kitu huwa buluu. Visima visivyo na peroksidi navyo vikitoka buluu, huenda seli zilisongamana mno. Rudia ukiwa umepanda chache.