Kichefuchefu cha sindano ya kupunguza uzito, usijilaze moja kwa moja

Nyie mnaochoma zile sindano za kupunguza uzito, semaglutide na wenzake, naomba niwaachie hii. Siku mbili tatu baada ya kuchoma mwili unakuwa hoi na akili inakwambia lala tu, mi nililala hivyo karibu wiki nzima nikaamka nimechoka zaidi na choo hakitoki kabisa. Dawa yenyewe inafanya chakula kikae tumboni muda mrefu, sasa ukila halafu ukajilaza chali ndo kinapanda kooni.

Nachofanya saivi, nakula kidogo, nasubiri kama dakika 20 alafu natembea taratibu dakika 10, mwendo wa kuweza kupiga stori bila kuhema, hata kama ni kuzunguka humu ndani na ndala zangu. Kuinamainama na yale mazoezi ya tumbo achana nayo siku hizo, mi niliinama tu kufunga kamba za raba nikakimbilia chooni. Badala yake kaa kwenye kiti, inuka bila kushika, kaa tena, mara 8 au 10 inatosha, maana uzito ukishuka na misuli nayo inaondoka usipoitumia. Maji piga funda dogodogo, sio glasi nzima kwa mpigo.

Kizunguzungu kikija kaa chini hapohapo. Ila ukitapika mpaka hata maji hayakai, au tumbo linauma sana hadi mgongoni, hapo sio habari za kutembea tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.