Kabla ya Kumrudisha Nyumbani Mgonjwa wa Kiharusi Asiyeujali Upande wa Kushoto

Kengele na maji ya kunywa viwekwe upande wake wa kulia, kwa kuwa kushoto hatavitafuta hata akishikwa na kiu. Chai ya moto na visu visikae kushoto kwake.

Wote nyumbani waelezwe mapema kwamba hali hii, ambayo mara nyingi hufuata kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, si upofu wala ukaidi. Sisi tulimnunulia mama miwani mipya kwa sababu aliacha nusu ya wali. Siku sahani ilipozungushwa, aliumaliza wote akidhani ameongezewa.

Lakini mkao wake ndio wa kutazamwa kuliko yote, na sisi tulichelewa kulijua hilo. Kwa wiki tatu tulimketisha kiwiliwili kikiwa kimeelekea kulia, kwenye televisheni, kisha tukawa tunamkemea, "Mama, tazama huku!", hadi shingo ikamuuma, na bado hakutuona. Mtaalamu wa fiziotherapia alipofika hakukigusa kichwa: alikigeuza kiti taratibu mpaka kiwiliwili kikaelekea kushoto kidogo, uso ukabaki ulipokuwa, na mama akaniuliza nimeingia saa ngapi. Nilikuwa pale tangu asubuhi. Alitueleza kwamba ubongo haupimi kushoto na kulia kwa macho peke yake, bali hupokea pia habari kutoka misuli ya shingo ili ujue kichwa kimekaaje juu ya kiwiliwili. Tena mwaka 1991 Hans-Otto Karnath na wenzake, nchini Ujerumani, walionesha kwamba kugeuza kiwiliwili cha mgonjwa nyuzi 15 kushoto kunaweza kupunguza upungufu huo. Si tiba, kwani mama alipoegemea tena kulia, nusu ya chumba ilimpotea upya.

Mkono wa kushoto nao ukaguliwe kila mara kabla ya kusukuma kiti cha magurudumu, maana aliyepoteza hisia ya mkao hajui vidole vyake viko wapi, navyo huweza kunaswa kwenye gurudumu. Ulazwe juu ya mto, mbele ya macho yake, wala asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo. Ukiwa bado na nguvu kidogo, mwulizeni mtaalamu jinsi ya kumzoeza kuusogeza akiwa ameuweka kushoto.

Jikoni asiachwe peke yake, barabara asivuke bila mtu, na gari asiendeshe mpaka daktari aruhusu. Mikeka iliyokunjamana nayo iondolewe.