Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Mahindi ya Gunia kwa Chakula cha Nyumbani

Kila ifikapo Juni na Julai, malori ya mahindi yanapoanza kuingia Dar es Salaam kutoka Songea, Sumbawanga na Mbozi, watu wengi hupiga hesabu ya kuacha kununua unga wa dukani, na hesabu yenyewe haina kosa. Mahindi huwa na bei ya chini wakati wa mavuno, kisha bei hupanda mwezi baada ya mwezi hadi Januari na Februari, ambapo ya msimu uliopita yamepungua na mapya bado yako shambani. Anayenunua unga kwa kilo humlipa pia msafirishaji, mwenye mashine, mtengeneza mfuko na mwenye duka, ilhali anayeweka gunia ndani na kusaga mwenyewe hujiondolea sehemu kubwa ya gharama hizo. Nakubaliana na hesabu hiyo ingawa mwaka wa kwanza nilipoteza magunia mawili kati ya matatu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba yafuatayo yasomwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Fedha ya gunia iwe fedha ambayo haina kazi nyingine. Usikope kwenye kikoba ili ununue mahindi, kwa sababu riba itameza tofauti ya bei unayoikimbilia, na usiguse ada ya mtoto kwa matumaini kwamba utairudishia.

Pima ulaji wenu kwa wiki nzima kabla ya kuamua idadi ya magunia. Kwetu tuko sita na tunasonga kilo moja na nusu kwa siku, yaani kilo 45 kwa mwezi, kwa hiyo gunia la kilo 100 likisagwa dona linatufikisha miezi miwili na siku chache. Likikobolewa kuwa sembe hesabu hubadilika, kwani robo ya gunia au karibu yake hutoka kama pumba. Pumba hizo ni zako na zina bei kwa wafugaji wa kuku, hivyo zidai mashineni kabla hujaondoka. Ukinyamaza, mwenye mashine naye atanyamaza.

Nunua kwa mizani. Lugha ya sokoni ni kwamba gunia ni debe sita, lakini debe ni kipimo cha ujazo, na lililogongwa kitako likaingia ndani hukupunja kila linapomiminwa. Lumbesa nayo imekatazwa kisheria, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100, kwa hiyo usidanganywe na gunia lililovimba ukadhani umependelewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinigharimu, nalo ni ukavu wa mahindi na mahali pa kuyaweka.

Julai 2021 nilichukua magunia matatu kwa dereva aliyefahamiana na shemeji yangu, kwa shilingi 60,000 kila moja hadi mlangoni. Nilitia mkono kwenye mdomo wa gunia moja, nikatafuna punje kama nilivyokuwa nikimwona marehemu bibi akifanya, ikavunjika kwa mlio, nikaridhika. Sikufikiri kwamba punje ya mdomoni imepata hewa njia nzima na haiwezi kuwasemea wenzake walioko katikati. Vijana walioshusha waliyapanga stoo, mawili chini kwenye sakafu ya saruji yakiegemea ukuta wa bafuni na moja juu yake, nami nikafunga mlango nikijiona mtu mwenye akili kuliko majirani.

Gunia la juu tulilimaliza mwishoni mwa Septemba bila tatizo. Wiki hiyo hiyo binti yangu aliniambia kwamba stoo kuna kitu kinalia. Usiku, nyumba ilipotulia, nilisimama mlangoni nikasikia mlio mwembamba usiokatika, kama wa fundi anayepiga msasa nyumba ya tatu. Nilidhani ni panya, nikatega mtego, na mtego ukakaa siku nne bila kunasa kitu. Siku tulipofungua gunia la pili mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko, ukakuta joto ndani, na nilipoutoa ulikuwa mweupe kama wa mpika chapati. Punje zilikuwa bado na umbo lake, lakini kila niliyoibana kwa vidole iligeuka vumbi. Mama mkwe, ambaye amelima mahindi maisha yake yote, alichota kiganja kimoja akakitazama, akasema, “Mwanangu, huyu si fukusi, huyu dumuzi. Na haya mahindi uliyalaza chini kama mgonjwa?”

Dumuzi ni mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa hata mbao, kwa hiyo mfuko wa sandarusi kwake si kizuizi, na vumbi lile jeupe ndiyo alama yake. Gunia la tatu halikuwa na dumuzi wengi, lakini upande uliogusa ukuta ulikuwa umelowa, na punje zilikuwa zimeshikana zikiwa na ukungu wa kijani. Jirani mmoja alinishauri kwa nia njema niyaoshe, niyaanike na kuyasaga. Nilikataa, na wewe ukataze kabisa jambo hilo nyumbani kwako, kwa kuwa sumukuvu inayotokana na ukungu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Hata kuku hawakupewa. Shilingi 120,000 zilifukiwa kwenye shimo nyuma ya nyumba, na Januari tulikuwa dukani tena tukinunua unga kwa kilo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, chukua mahindi kutoka katikati ya kila gunia, si mdomoni. Beba chupa ya kioo iliyo kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha robo yake pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji na hayafai kuhifadhiwa, hata muuzaji akiapa. Ikianguka yote chini, endelea, ingawa mimi huyaanika tena kwenye turubai kwa siku mbili na kuyapepeta, maana kipimo cha chumvi ni cha kukadiria tu. Usianike juu ya udongo mtupu.

Mahali pa kuyaweka paandaliwe kabla lori halijafika. Tengeneza chaga ya mbao ili hewa ipite chini, acha nafasi ya nusu mita au zaidi kutoka ukutani, na fagia stoo hadi kwenye nyufa, kwa sababu wadudu wa msimu uliopita hukusubiri humo. Tangu msimu uliofuata natumia mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa sandarusi nje, ambayo huwaua wadudu kwa kuwakosesha hewa bila dawa yoyote. Kila tabaka hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Kosa linalofanywa na wengi ni kuufungua mfuko kila wiki kuchota kidogo, wakati kila unapoufungua unawaletea wadudu pumzi mpya. Ukiufungua, toa mahindi ya mwezi mzima, funga, usiuguse tena. Panya akitoboa tundu dogo, kazi yote imeharibika, kwa hiyo mifuko ikaguliwe kila wiki kwa tochi.

Anayechagua dawa ya unga ahakikishe ni ya nafaka, inaua dumuzi na haijapita muda wake, afuate kipimo kilichoandikwa, na asile mahindi hayo kabla ya siku zilizoelekezwa. Vidonge vya kufukizia visiingie kabisa katika nyumba wanamolala watu. Hewa yake huua watu kama inavyoua wadudu.

Kuhusu kusaga, dona ibebwe mashineni kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu, kwani kiini cha punje kina mafuta na unga wake huchachuka ukawa mchungu. Sembe huvumilia zaidi.

Maharage hutobolewa upesi, kwa hiyo nayo yaingie kwenye mfuko wa aina hiyo hiyo au yanunuliwe machache. Sukari ya mfuko mzima sishauri, kwa sababu nyumba yenye sukari nyingi hunywa chai nyingi. Mafuta ya ndoo ya lita 20 yahamishiwe kwenye chupa ndogo, ndoo ifungwe na kukaa mbali na jua, sumu ya panya isiwekwe chumba kimoja na chakula, na ufunguo wa stoo ushikwe na mtu mmoja anayejua kilichomo.