Umelipia kasi, unapata konokono: jinsi ya kulalamikia kampuni ya intaneti na kufikisha faili yako ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ukiwa Lubumbashi

Jioni ikifika hapa Lubumbashi, iwe komini ya Katuba, ya Kenya au ya Ruashi, swali ni lilelile: "Mtandao umeenda wapi?" Mama anaongea na mtoto wake aliye Kolwezi, sura inaganda mdomo wazi. Mwanafunzi anapakua somo la kurasa kumi tangu magharibi, na saa nne usiku bado linazunguka. Watu wanapiga simu huduma ya wateja, wanafoka, wanakata, kisha wanateremka kwenye kabine kununua mega nyingine. Mwezi ujao, vilevile.

Mimi nina duka dogo la fotokopi na kuchapa barua. Kwa miezi mingi nililipia megabiti 10 kwa sekunde na kupata mbili. Kampuni yenyewe siitaji, maana njia ni ileile kwa kampuni yoyote. Nilifoka kwenye simu mara nyingi sana na haikubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni daftari la shule na karatasi moja yenye muhuri wa bluu. Nawaeleza njia yote hapa, hatua kwa hatua, ili mtu asipoteze miezi kama nilivyopoteza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ubovu hauko nyumbani kwako

Zima ruta, hesabu dakika moja, iwashe tena. Badilisha neno la siri la wifi, kwa sababu mara nyingi ni kijana wa jirani aliyepewa siku moja ya msiba na hakuwahi kutoka. Kama ruta ina tundu la waya, unganisha kompyuta kwa waya, usipime kwa wifi inayopita kuta mbili za matofali. Angalia pia umeme: ukikatika mtaani, antena inabaki kwenye betri au jenereta, na huduma inaweza kudhoofu. Siku ambayo umeme umekatika, iandike pembeni, usiihesabu kwenye malalamiko. Kampuni itaitumia kukuangusha.

Hatua ya pili: soma ulichonunua

Tafuta karatasi ya mkataba, au ujumbe uliopokea ulipowasha forfé, yaani kifurushi cha intaneti. Tafuta mambo matatu: kasi waliyoahidi, maneno "hadi" kabla ya kasi hiyo, na kifungu kinachoitwa kwa Kifaransa "usage équitable". Kifungu hicho ndicho kinachosema kwamba ukishapita giga kadhaa, watakupunguzia kasi hadi mwisho wa mwezi. Kama kimeandikwa wazi na ulisaini, kesi yako ni dhaifu. Kama waliandika "illimité", yaani bila kikomo, kwa herufi kubwa na hawakukuonyesha kikomo popote, kesi yako ina nguvu. Marekani jambo hilihili lilifika mbele ya sheria: mwaka 2014 tume ya biashara ya huko, FTC, iliishtaki AT&T kwa kuwabana wateja waliouziwa intaneti isiyo na kikomo, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60.

Angalia pia kipimo. Kampuni inauza kwa megabiti, simu yako inaonyesha upakuaji kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Ukilipia megabiti 10, kupakua kwa megabaiti 1.25 kila sekunde ndiyo haki yako kamili. Nimeona watu wakisafiri hadi katikati ya mji kulalamika kwa kosa hili, na wanarudi na aibu.

Hatua ya tatu: pima kwa siku saba

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa.

Chukua daftari, chora mistari sita ya kusimama: tarehe, saa, kasi ya kupokea, kasi ya kutuma, muda wa kujibu (ping), maelezo. Pima mara tatu kwa siku, saa zilezile: 06:00, 13:00 na 20:00. Andika saa kwa mtindo huo wa ofisini, usiandike "saa mbili usiku", kwa sababu atakayesoma faili atakuwa anaisoma kwa Kifaransa. Kila kipimo kipige picha ya skrini. Tumia Speedtest, halafu pima tena kwa fast.com. Sababu ya kutumia zote mbili ni hii: fast.com ni ya Netflix na inapima kupitia mashine za Netflix zenyewe, kwa hiyo ikiwa kampuni inabana video lakini inaachia tovuti za vipimo, tofauti itaonekana.

Baada ya siku saba una vipimo 21. Viangalie kama daktari anavyoangalia karatasi ya homa, kwa sababu namna ya namba inakwambia ugonjwa.

Kama alfajiri unapata 9 na usiku unapata 2, kila siku, huo ni msongamano. Watu wengi wako kwenye antena moja na kampuni imeuza zaidi ya inachoweza kubeba. Si hujuma dhidi yako, lakini bado ni kosa lao, na bado unaweza kulalamika.

Kama ulikuwa na 9 hadi tarehe fulani, kisha ghafla namba zikanyooka kama rula, 1.0, 0.98, 1.0, asubuhi sawa na usiku, hapo umewekewa kikomo. Msongamano haunyooki hivyo. Daftari langu lilionyesha hivi kuanzia tarehe 12 ya mwezi, na nilipogeuza ukurasa nikaona namba zimepangana chini kwa chini kama nimeziandika kwa kunakili, mikono ilinitetemeka. Miezi yote ile nilikuwa naambiwa ni hali ya hewa.

Kama vipimo vyote ni vizuri lakini YouTube au simu za WhatsApp peke yake zinakwama, huenda kampuni inabana huduma moja moja. Washa VPN, programu inayoficha unachopitisha ili kampuni isikione, jaribu video ileile. VPN kwa kawaida inapunguza kasi kidogo. Ikiwa video inakwenda vizuri zaidi ukiwa nayo, hiyo ni dalili nzito. Kuna pia programu inayoitwa Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Boston. Inapitisha data zinazofanana na za huduma fulani, kisha inazipitisha tena zikiwa zimefichwa sura, na kulinganisha. Mamlaka ya mawasiliano ya Ufaransa, Arcep, inaitambua, na hilo ni jambo zuri kulitaja kwenye barua. Usidhani ni hadithi za kubuni: mwaka 2007 wateja wa Comcast huko Marekani waligundua kwa kupima wenyewe kwamba kampuni ilikuwa ikikatiza BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili, na mwezi wa nane 2008 mamlaka ya huko, FCC, iliiamuru iache.

Kuna uzito wa mtandao ambao si wa kumshtaki mtu. Tarehe 6 Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari kwenye bonde la mto Kongo ukakata nyaya za intaneti za WACS na SAT-3. Tarehe 14 Machi 2024 nyaya kadhaa zilikatika karibu na Abidjan. Siku kama hizo mtandao unaweza kulegea nchi nzima. Kabla ya kuanza daftari, ulizia kwa watu wa Kinshasa au wa kampuni nyingine. Kama wote wanalia, ngoja. Na kuna siku amri inatoka juu. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa kwa karibu majuma matatu. Hapo barua kwa kampuni haina mahali pa kushika.

Hatua ya nne: piga simu mara moja, kwa ajili ya nambari

Piga huduma ya wateja. Usieleze maisha yako. Sema tatizo, kisha sema: "Yaya, naomba nambari ya malalamiko." Iandike daftarini pamoja na tarehe, saa na jina alilojitambulisha nalo. Akisema hawatoi nambari, andika kwamba alikataa. Hiyo tu.

Hatua ya tano: barua

Barua iandikwe kwa Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba yetu, lakini lugha rasmi ni Kifaransa na faili zinatembea kwa hiyo. Kama Kifaransa chako kinayumba, andika kwanza kwa Kiswahili, kisha mpe mtu wa sekretaria akutafsirie. Kichwa cha barua kiwe "Réclamation relative au débit de connexion". Mwili wake uwe mfupi, kwa mfano huu:

"Mimi ni mteja wenu nambari …, ninayekaa avenue …, komini ya Kenya, Lubumbashi. Tangu tarehe … ninalipa dola … kila mwezi kwa forfé ya megabiti 10 kwa sekunde. Kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 9 nimepima mara 21, kwa waya, bila mtu mwingine kwenye laini. Saa 20:00 kasi haikupita megabiti 2.3 hata siku moja. Jedwali na picha za vipimo vimeambatanishwa. Niliwaarifu kwa simu tarehe …, malalamiko nambari …. Naomba mambo matatu: mnirudishie kasi niliyolipia; mnieleze kwa maandishi sababu ya kupungua; na mnifidie siku ambazo sikupata huduma kamili. Naomba jibu ndani ya siku 15 tangu mlipopokea barua hii. Lisipofika, nitapeleka faili hii ARPTC."

Hakuna tusi na hakuna "mnatuibia". Ukitaka kuweka uzito wa sheria, sentensi moja inatosha: kifungu cha 33 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kinachotoka kwenye dikri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria ni sheria kwa walioyafanya. Ni kifungu cha zamani na kila mwanasheria wa mji huu anakijua kwa moyo.

Ambatanisha fotokopi ya mkataba, ya kitambulisho, jedwali, picha za skrini zilizochapwa, na ushahidi wa malipo. Kama unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usitegemee ujumbe ulio kwenye simu. Simu inaibwa, ujumbe unafutika. Piga picha, chapa.

Peleka mwenyewe ofisini kwao, nakala mbili. Ya kwanza inabaki kwao. Ya pili inarudi na wewe ikiwa na muhuri, tarehe na saini: hiyo ndiyo wanaita "accusé de réception". Mimi siku ya kwanza niliambiwa na mama wa mapokezi: "Papa, weka hapo, tutakupigia." Nilimjibu kwa heshima kwamba nitangoja muhuri, nikakaa kwenye benchi. Nilikaa saa mbili. Alipoona siondoki alivuta droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi ya moto kwa sababu wino ulikuwa umekauka, akagonga. Bila muhuri ule barua yangu ingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Hatua ya sita: ARPTC

Siku 15 zikipita bila jibu, au jibu likiwa la kukuzungusha, faili inakwenda kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, ARPTC. Iliundwa kwa sheria nambari 014/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sekta yenyewe leo inaongozwa na sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, itaje kwenye barua. Makao makuu yako Kinshasa, komini ya Gombe.

Barua ya ARPTC ni fupi kuliko ya kwanza: wewe ni nani, kampuni ni ipi, uliandika lini, ulijibiwa nini, unaomba nini. Omba wapime wenyewe kwenye eneo lako na waiamuru kampuni itimize mkataba. Nyuma yake weka faili yote, kurasa zikiwa na namba, na juu kabisa fotokopi ya barua yenye muhuri. Itume kwa wakala wa vifurushi anayetoa risiti, au kwa mtu unayemwamini anayesafiri, naye arudi na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala nyingine ipeleke kwa kampuni hapa Lubumbashi. Kwangu, nakala hiyo ndiyo iliyowaamsha, kabla hata Kinshasa haijajibu.

Niseme wazi jambo moja, kwa sababu wengine wataliuliza. Mwezi wa nane 2017 ni ARPTC hiyohiyo iliyoyaandikia makampuni ipunguzwe kasi ya kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Ndiyo, ni kweli. Lakini kulinda mteja pia ni kazi yake, na faili isiyopelekwa haina wa kuijibu. Mkiwa majirani watano kwenye antena moja na wote mmepima, tumeni faili tano ndani ya bahasha moja. Ni vigumu zaidi kuiweka pembeni.

Hatua ya saba: usisaini mapema

Kampuni ikikubali kosa, itamtuma fundi. Atabadilisha kitu, atapima mbele yako, na atakupa karatasi ya kusaini kwamba tatizo limekwisha. Kwangu alikuja saa nne asubuhi, kijana mpole, amebeba ngazi begani. Akapima: 9.4. Akatoa kalamu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, asubuhi peke yake haitoshi. Njoo tena saa mbili usiku." Alicheka kidogo, akaondoka, na kwa kweli alirudi. Tulipima mara tatu, duka limejaa wateja wa fotokopi, daftari likiwa wazi juu ya meza: 9.1, 8.8, 9.0. Niliandika tarehe na saa kwenye karatasi yake, kisha nikasaini.