Mnada wa tarehe 25 Kyoto: jinsi ya kwenda na familia kutoka Mwanza

Aliyezoea kuchambua mitumba sokoni Mlango Mmoja ana nusu ya ujuzi unaohitajika kwenye mnada wa Kitano Tenmangu, hekalu la mjini Kyoto, Japani. Nusu ya pili ni tarehe, chenji na adabu za hekaluni.

Mnada hufanyika tarehe 25 ya kila mwezi, iangukie siku yoyote ile, kuzunguka hekalu hilo la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lililoanzishwa mwaka 947 kwa heshima ya Sugawara no Michizane, msomi ambaye Wajapani humwomba katika mambo ya masomo. Kwa hiyo anza na kalenda, tiketi baadaye. Aliyekosa tarehe hiyo aangalie ya 21, siku ya mnada mkubwa wa Toji katika mji huohuo, ingawa lile ni hekalu la Kibudha. Desemba na Januari watu hufurika na kigari cha mtoto hakipiti. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kanga. Isitoshe, asubuhi za Januari na Februari baridi hukaribia nyuzi sifuri, na sweta la shule la Mwanza halitafua dafu. Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ni miezi ya raha zaidi.

Wauzaji wengi hutaka fedha taslimu. Toa yeni kwenye mashine za pesa za 7-Eleven, ambazo hupokea kadi nyingi za nje, kisha nunua maji hapohapo ili uvunje noti ya 10,000. Mwenye meza ya vikombe vya yeni 500 hatafurahia noti hiyo saa moja asubuhi. Kutoka stesheni ya Kyoto panda basi namba 50, ushuke Kitano Tenmangu-mae. Unapanda mlango wa nyuma na kulipa mbele unaposhuka: mtu mzima yeni 230, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yeni 120. Kisanduku cha nauli hakirudishi chenji. Mashine iliyo pembeni yake huvunja sarafu na noti za 1,000, basi vunja kabla ya kituo chako, usije ukawazuia watu mlangoni.

Fika saa moja asubuhi, wakati bidhaa zinatandazwa. Faida yake ni ileile ya kuwahi belo linapofunguliwa. Ikinyesha, wengi wa wanaotandaza chini hawaji.

Langoni watu huinama kidogo na kupita pembeni, kwa kuwa katikati ni njia ya mungu wao. Ndani kuna maji ya kunawa: mkono wa kushoto, wa kulia, kisha kinywa. Hakuna anayelazimishwa kunawa wala kusali. Mwislamu au Mkristo anatembea kwa heshima tu, bila kukatiza mbele ya wanaosali. Waonyesheni watoto sanamu za ng'ombe waliolala. Wanafunzi husugua kichwa cha ng'ombe wapate akili, na mwenye goti linalouma husugua goti. Kwa mtoto wa Kisukuma, hapo hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini ng'ombe anaheshimiwa.

Sasa manunuzi. Kimono zilizotumika, yaani yale mavazi marefu ya Kijapani, hurundikwa kwa bei moja, mara nyingi yeni 1,000 au chini yake. Inua nguo juu ya mwanga utafute matundu ya nondo, kisha kagua kola, kwapa na pindo la chini, ambako madoa hujificha. Pima mkono kabla ya kupenda rangi: kimono nyingi za zamani za kike zina takribani sentimita 62 hadi 65 tu kutoka katikati ya shingo hadi ncha ya mkono, na kwa mtu mrefu zitaishia juu ya kifundo cha mkono. Haori, yaani koti fupi la juu, humkaa vizuri zaidi mtu mkubwa. Vyombo vya udongo vigonge taratibu kwa ukucha. Mlio mkali ni salama. Mlio uliokufa maana yake kuna ufa, hata kama huuoni.

Kushusha bei kunaruhusiwa, ila si kwa mtindo wa nyumbani wa kuanzia nusu. Kusanya vitu viwili au vitatu, uliza "sukoshi yasuku narimasu ka?" (bei itapungua kidogo?), kisha mpe simu aandike bei kwenye kikokotoo. Asilimia kumi ni punguzo zuri. Akikataa, amekataa, kujifanya unaondoka ili akuite hakufanyi kazi kule.

Usinunue chochote cha pembe za ndovu au gamba la kasa, hata mhuri mdogo au kitana. Unaweza kukamatwa mpakani, na ukitua Tanzania kesi ya nyara si mchezo. Panga za zamani nazo waachie wenyewe, zinahitaji vibali.

Kwa chakula, takoyaki ni vitumbua vya pweza, na yakisoba, yaani tambi za kukaanga, huwa na nguruwe mara nyingi; uliza "buta?" (nguruwe?) kabla ya kulipa. Viazi vitamu vya kuchoma huwaridhisha watoto wote. Kuleni mkiwa mmesimama karibu na kibanda, kijiti mrudishieni muuzaji, maana mapipa ya taka ni adimu.

Vyombo vifungwe kwenye magazeti na visafiri kwenye begi la mkononi. Kimono ya hariri isiingie kwenye beseni la Omo, hasa ile yenye mikunjo midogo, kwani hurudi hadi nusu mkono. Kama ni ya kushonea gauni, mwambie fundi afumue mishono yote kwanza. Atapata vipande virefu vyenye upana wa karibu sentimita 36, hivyo akate gauni la paneli, si la duara.