Taa za mbele hafifu kwenye Toyota ya zamani: shika mita kabla ya balbu

Mjomba wangu anaishi Muheza na kazi yake iko Tanga mjini, kwa hiyo anarudi nyumbani giza likiwa limeshaingia. Ukishapita Pongwe unakutana na baiskeli zisizo na taa wala rifleketa zikitembea pembeni mwa lami, na Corolla yake ya miaka ya 90 ilikuwa inamulika kama kibatari. Akaja na balbu za LED mpya kwenye boksi, anataka nimfungie. Nikamwambia, "Mjomba, hizo ziweke kwanza. Niletee mita ya kupimia umeme."

Tulichofanya ndicho ninachokiandika hapa. Kinahusu gari lenye balbu ya H4, ile ya miguu mitatu yenye dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) ndani ya kioo kimoja. Toyota, Suzuki na Nissan nyingi za umri huo zinatumia hiyo.

Hatua ya 1: Kagua taa yenyewe

Kama kioo cha nje ni cha plastiki na kimekuwa cha njano, kisugue kwa msasa wa maji, namba 1000, kisha 2000, kisha polishi, umalizie na vanishi ya kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu. Kama rangi ya fedha ya ndani imebanduka, usinunue balbu yoyote. Tafuta taa nzima, iliyotumika kutoka Japani inatosha. Usichukue ya gari la Ulaya la usukani wa kushoto. Hiyo inanyanyua mwanga upande wa kulia, na huku kwetu tunaoendesha kushoto kulia ndiko anakotokea mwenzako.

Hatua ya 2: Pima umeme unaofika kwenye balbu

Washa injini, washa dimu. Pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya balbu, soketi ikiwa bado imechomekwa na taa inawaka. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, moja kwenye waya wa dimu, nyingine kwenye waya wa pamoja, ule unaotumiwa na dimu na fulu. Usitumie ile taa ya majaribio ya mafundi. Inawaka kwa volti 11 na inawaka kwa volti 14, haikuambii kitu.

Betri ikisoma 14.0 na balbu ikasoma 12.2, basi volti 1.8 zimepotelea njiani, kwenye waya mwembamba, swichi iliyochoka na viungo vyenye kutu. Volti zinaonekana chache, lakini mwanga wa balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye nyuzi ndani, unashuka kwa kasi kuliko volti. Zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa mfano huo wa 12.2, zaidi ya theluthi moja ya mwanga imeshaliwa kabla hujabadilisha chochote. Gari linalolala Raskazone au Sahare, kwenye upepo wa bahari, lina kutu ya kijani kwenye viungo vingi kuliko unavyodhani.

Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, waya wako ni mzima. Ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 3: Jua kama gari linakata chanya au hasi

Dawa ya volti zinazopotea ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: swichi ya zamani inaiamrisha tu, na balbu inapata umeme wake moja kwa moja kutoka betri. Lakini kabla ya kuifunga lazima ujue gari lako linakata upande gani. Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Magari mengi hukata chanya. Hasi ya balbu imefungwa kwenye bodi muda wote, na swichi ndiyo inayopeleka chanya kwenye dimu au fulu. Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser zikiwemo, ziko kinyume: chanya inakaa kwenye mguu wa pamoja, halafu swichi ya usukani inaunganisha dimu au fulu na hasi. Balbu ya kawaida haijali umeme unapita kutoka upande gani, ndiyo maana unaweza kulimiliki gari miaka mingi bila kujua.

Rilei za seti (zile zinazouzwa dukani zikiwa na waya na soketi zake tayari) na LED zinajali. Seti nyingi za dukani zimeunganishwa kwa kutegemea gari la kukata chanya, yaani mguu mmoja wa koili, ile sumaku ya umeme inayovuta swichi ndani ya rilei, unaenda kwenye bodi na mwingine unasubiri chanya kutoka soketi ya zamani. Kwenye Toyota ya kukata hasi, soketi inaleta hasi. Hasi huku, hasi kule, rilei haitoi hata mlio. Fundi anabadilisha rilei, anabadilisha fyuzi, anaanza kufungua dashibodi, na kumbe hakuna kilichoharibika. LED nazo huweza kugoma kabisa, au ile taa ya buluu ya dashibodi ikabaki ikiwaka hafifu hata ukiwa kwenye dimu.

Kupima ni hivi. Chomoa soketi zote mbili, kulia na kushoto. Nasema zote mbili kwa sababu ukiacha balbu ya upande wa pili, umeme unapita ndani ya nyuzi zake, unatokea kwenye mguu usiotarajiwa, na mita inakudanganya. Washa taa, weka dimu. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu gusa miguu ya soketi mmoja mmoja. Weka fulu, rudia. Ukipata mguu unaobaki na volti 12 kwenye dimu na kwenye fulu, huo ndio wa pamoja na gari lako linakata hasi. Volti 12 zikihama mguu kila unapobadilisha swichi, linakata chanya. Pima soketi zote mbili, maana kulia na kushoto huwa na fyuzi tofauti na moja inaweza kuwa imekufa. Ukikuta volti za ajabuajabu kwenye waya wa fulu ukiwa kwenye dimu, inaweza kuwa ni umeme unaopenya kupitia taa ya buluu ya dashibodi; zipuuze.

Dawa yake ni rahisi kuliko maelezo yote haya. Achana na seti, nunua rilei mbili za kawaida za miguu minne. Koili ya rilei ya kwanza ifunge kati ya mguu wa pamoja na mguu wa dimu wa soketi ya zamani. Ya pili, kati ya mguu wa pamoja na fulu. Usipeleke koili kwenye bodi hata kidogo. Ukifunga hivyo itafanya kazi kwenye gari la kukata chanya na la kukata hasi, kwa kuwa koili nayo haijali mwelekeo. Sharti ni moja: rilei isiwe na dayodi ndani, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Tazama mchoro uliochapwa ubavuni mwake.

Hatua ya 4: Funga

Chanya ya betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, mguu wenye namba 30 kwenye rilei, kisha ule wa 87 kwenda soketi mpya za kauri, rilei ya kwanza kwenye dimu na ya pili kwenye fulu. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba. Hasi ya soketi mpya ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, upake Vaseline juu. Rilei zitazame chini ili maji yasitulie kwenye miguu. Kusokota waya na kuzungushia selotepu sikubali, hapa Tanga kiungo cha namna hiyo hakidumu.

Hatua ya 5: Balbu

Sasa pima tena. Mjomba alipoona dimu baada ya rilei, na balbu zilezile za zamani, alinyamaza.

Mimi ningeweka halojeni nzuri ya 60/55, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu, Philips au Osram. Zile zinazoahidi mwanga wa ziada kwa wati zilezile ni za kweli, ila zinaungua mapema. Za buluu ziache, rangi ile inazuia mwanga. Za wati 100 zinayeyusha soketi ya plastiki. Usishike kioo kwa vidole.

Ukitaka LED lazima, chagua yenye chipu nyembamba zilizokaa pale pale nyuzi za halojeni zilipo, na zielekee kulia na kushoto, sio juu na chini. Hakikisha mpira wa nyuma unaziba vizuri ukishaifunga, la sivyo unyevu utaingia kwenye taa. Mstari wa dimu ukutani ukivurugika, zitoe.

Hatua ya 6: Lenga

Upepo wa tairi uwe sawa, dereva akae kwenye siti, gari liwe mita 5 kutoka ukutani. Weka alama ya urefu wa katikati ya balbu. Mstari wa dimu uwe sentimita 5 chini yake, ukipanda kwa kushoto. Fulu itajipanga yenyewe. Mjomba akipakia machungwa buti nzima, pua inanyanyuka na dimu inawachoma macho wanaokuja, kwa hiyo anashusha skrubu kidogo na kuhesabu mizunguko, ili akishapakua airudishe palepale.